Kabla hujamwomba mtu awe mdhamini mwenza wa mumeo au mkeo

Ukitaka kumleta mume au mke Marekani kwa viza ya ndoa na kipato chako hakifiki, kila utakayemuuliza atakwambia utafute mdhamini mwenza. Ni kweli, ila ni nusu ya maneno. Nusu iliyobaki ni kwamba unamwomba mtu aingie kwenye mkataba unaoweza kuendelea kumbana hata ndoa yenu ikishavunjika, na watu wengi huitikia kwa mapenzi kabla hawajausoma. Nilimleta mume wangu kwa njia hii nikiwa bado nasoma uuguzi na kufanya kazi za muda, kwa hiyo naandika nikiwafikiria wawili: wewe unayeomba, na yule atakayetia saini.

Mkataba wenyewe ni fomu I-864. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996 ndiyo iliyoupa meno, kiasi kwamba mdhamini anaweza kupelekwa mahakamani. Anaahidi kumtunza mgeni asishuke chini ya asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali kuu kila mwaka. Kwa viwango vya 2025, kaya ya watu wawili ilihitaji dola 26,437 kwa mwaka, ya watatu 33,312, na ya watano 47,062. Alaska na Hawaii wana viwango vyao vya juu zaidi. Mwanajeshi aliye kazini anayemleta mwenzi wake hupimwa kwa asilimia 100 tu.

Hesabu ya kaya ndiyo inayowapiga chenga wengi. Mdhamini anajihesabu yeye, mwenzi wake, watoto wake wasioolewa walio chini ya miaka 21, kila mtegemezi aliyemwandika kwenye ritani ya kodi, na yeyote aliyemdhamini zamani ambaye mkataba wake haujaisha. Kisha anamwongeza mgeni wako. Na kipato chake ni lazima kitoshe chenyewe. Huwezi kuchukua dola 18,000 zako ukazijumlisha na 20,000 za mdhamini mwenza mkafikisha kiwango. Kujumlisha kunaruhusiwa kwa ndugu mnayeishi nyumba moja, akijaza fomu I-864A, na hilo ni jambo jingine kabisa. Kama unaishi na mama yako au dada yako anayefanya kazi, anzia hapo kabla hujatoka nje kutafuta mtu.

Familia yetu yote ilijua kaka yangu ndiye atakayenidhamini. Ana biashara ya malori, nyumba yake nzuri, na mkono wake haujawahi kuwa mzito kwangu. Lakini mtu aliyejiajiri hatazamwi kwa fedha zinazopita mkononi mwake. Kinachoangaliwa ni kipato kilichobaki kwenye ritani baada ya kutoa mafuta, matengenezo, bima na uchakavu wa magari, na kwa mwenye malori kinaweza kuwa kidogo mno. Ongeza wifi na watoto wawili, kisha mume wangu, tayari ni kaya ya watu watano. Tulipokaa na karatasi zake mezani, haikufika. Wifi angeweza kuongeza mshahara wake kwa kujaza I-864A, na alikuwa radhi, ila wakati huo alikuwa amesimama kazi kwa ajili ya mtoto.

Aliyenidhamini ni dada mmoja tuliyekuwa tukifanya naye kazi wodini. Hatuna undugu wa damu, na sheria haiudai. Inataka mtu mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, raia wa Marekani au mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, na makazi yake yawe Marekani. Mshahara wake ulikuwa wa kawaida tu, lakini ni wa kila wiki mbili bila kukatika, hajaolewa, hana mtegemezi. Kaya yake pamoja na mume wangu ilikuwa ya watu wawili. Kwa macho ya ofisa wa viza, yeye alikuwa na nguvu kuliko kaka. Nyumbani walioona nimemruka ndugu nikaenda kwa mtu baki waliumia, na ilibidi nikae nao niwaeleze hesabu hiyo taratibu. Nawe usikimbilie kwa mwenye gari kubwa; tafuta mwenye kaya ndogo, mshahara unaothibitika, na kodi iliyolipwa.

Nilipomwendea sikumwomba aitikie siku ileile. Nilimpa fomu pamoja na maelekezo yake, nikamwambia, "Dada, soma kwanza. Ukisema hapana, sisi ni walewale." Aliporudi alikuwa na swali ambalo kila mdhamini anapaswa kuuliza: mkiachana je?

Jibu ni kwamba talaka haimtoi. Mkataba unaisha pale mgeni anapokuwa raia wa Marekani, au anapohesabiwa robo 40 za kazi kwenye hifadhi ya jamii, ambazo ni kama miaka kumi ya kazi, au anapoondoka nchini moja kwa moja na kupoteza ukaazi wake, au anapofariki. Kifo cha mdhamini pia kinauhitimisha. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Saba iliamua kwamba mke aliyeachika hakulazimika kutafuta kazi ili kumpunguzia mzigo mume wa zamani aliyemdhamini. Mdhamini mwenza anabeba wajibu uleule bega kwa bega na wewe, na anayedai anaweza kumfuata yeyote kati yenu. Nilimwambia hayo yote. Nilimwambia pia kwamba anaweza kujitoa kabla viza haijatolewa, lakini mgeni akishaingia na kupata ukaazi hakuna tena kurudi nyuma.

Naamini kabisa kwamba mtu asiyeambiwa hayo hajaombwa, ameviziwa.

Mume wangu naye nilimtaka azungumze naye kwa simu yeye mwenyewe. Ndiye anayedhaminiwa, haifai mtu ajifunge kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi hata kumsikia sauti. Waliongea kuhusu kazi anayotarajia kufanya akifika, na kuhusu misaada ya serikali. Hili la misaada ni zito. Mgeni akichukua msaada unaotolewa kwa kigezo cha kipato, kama SNAP ya chakula au Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, idara iliyoutoa ina haki ya kumdai mdhamini. Tulikubaliana kwamba tukifika pabaya, dada ajue kabla hatujajaza fomu yoyote ya msaada.

Karatasi zenyewe si ngumu: I-864 ya mdhamini mwenza, nakala ya taarifa yake ya kodi ya mwaka wa mwisho kutoka IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, fomu W-2 inayoonyesha mshahara wa mwaka, slipu za mshahara za karibuni, barua ya mwajiri, na uthibitisho wa uraia au ukaazi. Mwachie ajaze mwenyewe. Mshahara wa mtu ni siri yake, na namba yake ya hifadhi ya jamii isizagae kwenye simu za ukoo mzima. Nawe jaza I-864 yako hata kama huna senti. Aliyefungua ombi hasameheki kwa sababu amepata mdhamini mwenza, na nimeona wenzangu wakirudishiwa faili kwa kukosa hiyo moja.

Ukikutana na mtu anayejitolea kukudhamini kwa malipo bila kukujua, mkatae. Fomu hiyo inasainiwa kwa kiapo, na mtu asiye na habari na maisha yenu hatajali wala karatasi zake wala kesi yenu.

Kwa wachumba wanaokuja na viza ya K-1, mwanzoni hutumika fomu I-134, na kipimo ni asilimia 100. Hiyo haina kifungo kama I-864, na kukubaliwa kwa mdhamini mwenza hapo kunategemea ofisa wa ubalozi. Mkishafunga ndoa na kuomba ukaazi, I-864 inawasubiri palepale.

Baada ya mgeni kufika, mdhamini akihama nyumba lazima aitaarifu USCIS, idara ya uhamiaji, kwa fomu I-865 ndani ya siku 30. Sisi ndio tuliomkumbusha dada yetu alipohama. Aliyeolewa na raia anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitatu ya ukaazi, ndoa ikiwa bado ipo, na tuliona kuomba mapema ni heshima tuliyopaswa kumpa dada. Mume wangu alipokula kiapo alimpigia dada simu kwanza: wajibu wake kwa siku zijazo ulikoma siku hiyo. Kama kungekuwa na msaada uliochukuliwa kabla ya hapo, deni la msaada huo lingebaki kwake.