Nyumba Inajua Kushona?

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Wanandoa waliokaa pamoja miaka arobaini na zaidi, siri yao ni nini?" Nimesoma majibu ya wenzangu. Uvumilivu, sala, kuombana radhi, halafu uvumilivu tena. Ningepita kimya, ila mmeniuliza siku mbaya. Juzi tu tulikuwa kwenye kichen pati ya binti wa kaka yangu, somo akamwinua mama yangu katikati ya ukumbi awape mabinti siri ya ndoa. Mama akasema, "Vumilieni tu, wanangu." Vigelegele, akatunzwa, akarudi kukaa. Mimi nilinuna mpaka pilau likanishinda, kwa sababu naujua mwaka ambao mama yangu hakuvumilia.

Kwa hiyo naomba nijibu swali langu badala ya lenu. Waliodumu, walibaki kwa kupenda au kwa kukosa pa kwenda? Maana wapo waliodumu kwa kukosa pa kwenda, na nyote mnawajua. Hapa mtaani kwetu alikuwepo mama mmoja aliyekaa na mumewe mpaka kifo, na siku ya msiba alikuwa mtu pekee aliyeuliza kama chai imetosha. Huyo naye mngempa nafasi kwenye gazeti lenu.

Wazazi wangu walioana mwaka 1968. Wanakaa Ngamiani, hapa Tanga, nyumba ileile. Baba alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, kwenye shamba moja njia ya Muheza. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya themanini zao lilishalala, na mshahara ulikuwa unakuja ukipenda. Kilichotulisha ni cherehani ya mama, Singer ya kukanyaga, aliyoinunua kwa mahari yake na pengo akalijazia kwa vitumbua. Sare za shule, foronya, kupinda kanga, vyote vilipita pale barazani.

Mwaka 1983 mnaukumbuka. Msako wa wahujumu uchumi, yaani walioficha na kulangua bidhaa, ulipoanza, watu walikuwa wanatupa bidhaa usiku kwa woga. Baba mdogo, mdogo wake baba, alikutwa na magunia ya sabuni. Ilihitajika hela ya haraka ya kumtoa, sitasema kumtoa wapi wala nani alipokea. Mama alikuwa kwao Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, kwenye arobaini ya shangazi yake. Aliporudi alikuta barazani alama nne za miguu ya cherehani kwenye saruji, na vumbi la mistari mistari pale ulipopita ufagio.

Hakusema kitu. Alipika, akapakua, akala. Baba akaeleza, na maelezo yake yalikuwa ya kweli: ndugu yake angeozea ndani. Mama akamjibu, "Nimesikia." Alfajiri akavaa baibui, akanishika mkono mimi niliyekuwa mdogo kuliko wote, tukapanda basi la Pangani. Barabara ile ilikuwa mashimo matupu. Nilitapika njia nzima, na mama ananifuta kwa upindo wa kanga bila kunitazama. Tukavuka na pantoni. Babu alipotuona hakuuliza chochote. Alimwambia bibi aongeze mchele.

Ninapotaka mfike ni Ijumaa baba alipokuja. Alikuja na kaka yake mkubwa na mshenga aliyewaozesha, wakitokea msikitini, kanzu zimefuliwa. Wakatandikiwa mkeka barazani. Mama alikuwa ndani, nyuma ya pazia, kakalia mbuzi anakuna nazi. Hakuna aliyemwagiza nazi. Bibi alishapika, wageni walishakula. Mama anakuna tu, krruu, krruu, nazi inajaa ungo, na mimi nimekaa kizingitini nasikia pande zote mbili.

Mshenga aliongea sana. Shetani alitajwa, udugu ukatajwa, hali ngumu ya nchi ikatajwa. Babu alisubiri akamaliza, kisha akamuuliza baba swali moja: "Mwanangu, ile cherehani ilikuwa ya nani?"

Baba alifikiri, akasema, "Ya nyumba, baba."

Mbuzi ikanyamaza. Mama akasema kutokea ndani, si kwa sauti kubwa, "Nyumba inajua kushona?"

Baba yangu mkubwa akaanza kukohoa. Mpaka leo sijui kama kilikuwa kikohozi au kicheko. Babu hakumkemea mama kwa kuingilia wanaume, na hilo naliona kubwa zaidi sasa kuliko nilivyoliona siku ile. Alichosema ni, "Umesikia swali." Baba akainamisha kichwa, na mama akaeleza masharti yake papo hapo nyuma ya pazia. Hataki faini, hataki kuombwa radhi mbele ya wazee, hataki doti ya kanga. Anataka cherehani, na stakabadhi ya dukani iandikwe jina lake, na la baba yake, na la babu yake. Ikiletwa atarudi. Isipoletwa, Bweni kuna minazi ya kutosha.

Wageni walivuka mto bila yeye.

Sasa baba apate wapi hela? Mkopo hakuna, mshahara ndio huo. Alichofanya kiliwachekesha watu wa mtaa kwa miaka: aliingia upatu wa akina mama. Kijumbe alikuwa mwuza samaki wa jirani, mwanamke mwenye mdomo, na alimkubali kwa sharti kwamba mchango asitume mtoto, aje mwenyewe kukaa nao. Basi kila Jumapili mwanamume mzima, fundi wa korona, anakaa uani kati ya wanawake, anatoa hela yake, anasikiliza habari za wakwe. Kazini wakamwita Mama Upatu. Zamu yake ilipofika tulikuwa tumeshafunga na kufungua, Idi imepita, na mimi nimeshazoea shule ya Bweni.

Alikuja peke yake safari hiyo. Macho ya babu yalikuwa hayaoni herufi, kwa hiyo stakabadhi nilipewa mimi niisome. Nakumbuka karatasi ya waridi, wino wa buluu wa kaboni, na jina la mama yangu lenye majina matatu, moja limekosewa herufi. Nilisoma jina, nikasoma bei, babu akasema rudia jina. Nikarudia. Mama akatoka, akaichukua, akaikunja mara nne, akaitia kifuani. Tukaondoka na pantoni ya jioni.

Nilipokua nikaajiriwa ofisi ya wakili, kuchapa nyaraka, ndipo nikajua kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilishampa mke haki ya kumiliki mali yake mwenyewe sawa na mume. Na mwaka uleule wa 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. (Mwenyewe Bi Hawa hakuambulia kitu, mahakama iliona hela ya biashara aliyopewa na mumewe, akaitapanya, ndiyo ilishakuwa fungu lake.) Mama hakuwa na habari na hayo yote. Alijua karatasi yenye jina lake.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kumaliza na neno kali: hakuna siri, kuna wanawake waliokwama. Lakini siwezi kujifanya sijaona yaliyofuata. Baba hakuacha upatu baada ya kununua cherehani. Hakuna aliyemlazimisha. Enzi ya Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, mitumba ilipomwagika na kila mtu anataka suruali ipunguzwe, mama alifanya kazi mpaka usiku, na baba ndiye aliyekuwa akimtilia uzi sindanoni kwa sababu macho yake yalikuwa bado mazima. Sasa yameota mtoto wa jicho, na mama ndiye anayemtia dawa, huku wanagombana kuhusu sauti ya redio. Watu wasiopendana hawagombanii redio kwa bidii ile. Haya, nakubali, wanapendana. Nadhani walipendana zaidi baada ya Bweni kuliko kabla, kwa kuwa tangu hapo baba alijua kwamba yule mwanamke anaijua njia ya pantoni.

Ila msinichapishe mpaka hapo tu. Kila kitu kilitegemea babu kuwa hai, kuwa na chumba, na kuwa na akili ya kuuliza swali lile. Angekuwa ameshafariki, na wajomba wamejaza nyumba, mama angerudi Ngamiani wiki ileile bila stakabadhi. Leo mngewakuta wawili walewale, miaka ileile, picha ileile kwenye gazeti, na nyinyi mngeuliza siri.

Dada yangu mkubwa, aliyebaki Ngamiani na baba miezi ile, akisoma haya atanipigia simu. Yeye anasema mama alikuwa arudi tu, stakabadhi au bila stakabadhi, kwa sababu aliacha sanduku la kanga mpya na ufunguo wake akamkabidhi yeye. Mwanamke anayeondoka moja kwa moja, anasema, haachi kanga zake. Mimi nasema ufunguo uliachwa ili mashuka yapatikane. Tumebishana juu ya ufunguo huo maisha yetu yote, na mama tukimuuliza anasema tumpishe, ana jiko.

Msomaji wenu,
Tanga