Nimeibeba saiti nzima, kufika Faza naona weupe mtupu

SWALI: Assalaam aleikum. Mie ni mwalimu wa sayansi Faza, kisiwani Pate, huku neti hushika ikitaka yenyewe, basi kila nikishuka Amu (mji wa Lamu) hukaa kwa rafiki yangu Langoni mwenye wai-fai nikajichotea vitu vya darasani. Juzi nikavuta saiti moja ya masomo kwa HTTrack, programu ya kunakili saiti nzima kwenye kompyuta, saa mbili nzima, faili tele, kufika nyumbani nafungua naona ukurasa mweupe pe, pengine kiduara kinazunguka tu hakikomi, na watoto washakaa wananitizama. Nimekosea wapi?

JIBU: Waaleikum salaam mwalimu, na pole sana, maana kungoja maji yajae ndo boti ipite si jambo la kurudia kwa sababu ya faili. Hukukosea, ni programu haikuwa ya saiti hiyo. HTTrack ilitoka mwaka 1998, na zama hizo ukurasa ulikuja na maneno yake ndani, ukiubeba umeubeba. Siku hizi saiti nyingi hazikuletei ukurasa, zakuletea ganda tupu na javaskripti, yaani maagizo ya kuendesha ukurasa, alafu brauza yako ndo yaiendesha hiyo javaskripti, nayo yarudi kwa seva, kompyuta ya mbali inayoweka saiti, kuomba maneno na picha kidogo kidogo mpaka ukurasa ukajengeka mbele yako. HTTrack haiendeshi javaskripti vile brauza inavyofanya, yachukua ganda inaondoka. Ukifungua Faza, javaskripti yapiga hodi kwa seva na hakuna wa kuitika, ndo hicho kiduara. Tena kuna hili watu wengi hawalijui, brauza kwa usalama wako huzuia ukurasa uliofunguliwa kutoka kwenye diski usisome faili zingine za hapo hapo, kwa hivyo hata ulichobeba chaweza kukataa. Wget, programu nyingine ya kazi hiyo, nayo ni hivyo hivyo.

Kabla hujavuta kitu, jaribu hivi: fungua ukurasa kwenye laptopu, bonyeza Ctrl na U uone maandishi ya ndani ya ukurasa vile ulivyoletwa na seva, alafu tafuta humo sentensi moja unayoiona kwenye somo. Ukiikosa, ujue maneno yaletwa na javaskripti, achana na HTTrack.

Dawa yake ni kuhifadhi baada ya brauza kumaliza kazi. Kwa kurasa chache mie nakushauri SingleFile, ni kiongezo cha Chrome na Firefox, ukurasa ukishakaa sawa, na uwe umeteremka mpaka chini ili picha zote zije, wabonyeza mara moja wapata faili moja ya HTML yenye kila kitu ndani, yatembea hata kwa flashi. Ila kwa kawaida huondoa javaskripti, kwa hivyo maswali ya kubonyeza majibu hayatafanya kazi, wasoma tu.

Ukitaka vibonyezo vifanye kazi, tia ArchiveWeb.page kwenye Chrome. Hii hurekodi mazungumzo yote ya brauza na seva, faili yake ni ya WACZ, baadaye waifungua kwa ReplayWeb.page bila neti na javaskripti yapata majibu yale yale iliyopata mjini. Lakini yarekodi ulichokigusa tu! Swali usilolifungua Langoni halitakuwepo Faza, kwa hivyo pita kila mlango, kila video icheze mpaka mwisho. Na kama saiti yataka uingie kwa paswadi, tafadhali usiwagawie wenzako faili hiyo, ndani yaweza kuwa na vitu vya akaunti yako.

Alafu ukiwa bado mjini zima wai-fai, fungua faili, bonyeza bonyeza. Hapo ndo utajua, si ukiwa mbele ya watoto.

Na kama ni Wikipedia ndo unayoitaka, usihangaike na haya yote, chukua Kiwix, faili zake za ZIM zishatengenezwa kwa kusoma bila neti, ya Kiswahili ipo.

SWALI: Niko Malindi, sina laptopu, ni simu tu ya Android. Mie je?

JIBU: Tia Firefox, kiongezo cha SingleFile chakubali kwenye simu. ArchiveWeb.page ni ya kompyuta. Kama ni maneno tu unayotaka, bonyeza kuchapisha alafu chagua PDF, lakini ungoje kwanza ukurasa umalize kujengeka.