Umewekewa mkanda wa mkojo na sasa mkojo hautoki? Nenda leo

Naanza na la haraka, maana huenda anayesoma yuko kitandani na tumbo limejaa. Kama ulipasuliwa ili mkojo usikutoke ukikohoa, na sasa hautoki kabisa, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda kituo cha afya kilicho karibu wakuwekee mpira wa mkojo, kisha ndipo utafute usafiri wa kurudi kwa aliyekupasua.

Mimi ni mama wa hapa Tabora. Mkojo ulikuwa ukinitoka nikipiga chafya, nikicheka, nikijitwisha ndoo. Haikuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke; fistula huvuja mchana na usiku hata ukiwa umetulia, na matibabu yake ni mengine. Nilipasuliwa mbali na nyumbani, nikawekewa mkanda chini ya mrija wa mkojo ili mrija upate pa kuegemea ninapokohoa. Mikanda ya namna hii, iliyoanzia Uswidi miaka ya 1990, ni wavu wa plastiki. Ipo pia ya kukatwa kwenye utando mgumu wa tumbo lako mwenyewe.

Wangu ulibana mno. Nilikuwa nachuchumaa, nainama mbele, nakamua, kinatoka kijito chembamba na kukatika. Nikisimama tu, haja imerudi. Shangazi aliyekuwa akiniuguza aliambiwa wodini kwamba nitazoea. Dada zangu, hili si la kuzoea. Kibofu kikifurika huanza kuvuja chenyewe, nawe ukadhani upasuaji umeshindwa, huku mkojo uliolala ndani unaleta maambukizi na unaweza hata kudhuru figo.

Kipimo chake ni chepesi: unakojoa, halafu wanapima kilichobaki kwa utrasaundi au kwa mpira. Kiombe kabla hujaruhusiwa kutoka, na usione haya kukiomba mara ya pili. Haraka ina sababu. Siku za mwanzo mkanda wa wavu unaweza kufikiwa na kulegezwa. Wiki zikipita, nyama huota ndani ya matundu yake, na hapo hukatwa. Wangu ulikatwa. Mkojo unanitoka kidogo nikikohoa kwa nguvu, lakini nakojoa vizuri na nalala.

Mengine huja polepole, pengine baada ya miaka. Wavu unaweza kuchomoza ukeni: uchafu wenye harufu, matone ya damu, maumivu wakati wa tendo la ndoa, au mume anasema kuna kitu kinamchoma. Mwambie daktari maneno hayohayo, kwa sababu ni dalili inayomwonyesha pa kutazama. UTI inayorudi kila ukimaliza dozi, usiendelee kuinunulia vidonge duka la dawa. Mkojo uoteshwe maabara ili kijidudu kijulikane, na ikibidi kibofu kichunguzwe kwa kamera, maana wavu huweza kuingia hata humo. Wengine huumwa kinena na mapaja, au hubanwa na haja ya ghafla ambayo hawakuwa nayo. Mtu asikwambie unajitungia. Mwaka 2018 Uingereza ilisitisha upasuaji wa wavu huu, isipokuwa kwa masharti makali, baada ya wanawake wengi kulalamika.

Ninalolisisitiza kwa sisi tunaotibiwa mbali: usitoke bila karatasi inayosema umewekewa mkanda wa aina gani, ulipitishwa kinenani au nyuma ya mfupa wa kinena, na tarehe. Daktari wa huku nyumbani hawezi kuuona kwa macho.

Na wewe ambaye hujapasuliwa, uliza kwanza mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, ile unayoikaza ukizuia mkojo. Yafanye kila siku kwa miezi mitatu angalau, ukiwa umeelekezwa na mtaalamu. Wapo wanaopona kwa hayo tu.

Ikiwa daktari ni mwanamume na maneno yanakukwama, mwombe nesi wa kike aingie nawe, au yaandike kwenye karatasi nyumbani umkabidhi asome.