Faili kubwa lililofichwa, na diski inayokufa

SWALI: Fundi, shikamoo. Kompyuta yetu ya nyumbani ina Windows 10, RAM ya GB 4 na diski ya GB 500 ya ile aina inayozunguka. Siku hizi nikifungua kurasa chache za intaneti inaganda, taa ya diski inawaka muda wote, na imeshaleta skrini ya buluu yenye maneno KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR. Mwanangu amekuta faili lililofichwa kwenye C linaloitwa pagefile.sys, lina GB 6. Anasema ndilo linaloitafuna diski, tulifute. Rafiki yake anasema tuliongeze mara mbili. Nimsikilize nani? Humo mna picha zote za marehemu baba yake.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Usimsikilize yeyote kati yao kwa sasa. Tafuta diski ya nje au flashi yenye nafasi ya kutosha, unakili picha za marehemu leo hii, kisha urudi usome yaliyobaki. Usianze na kukagua diski, usiipange upya, usiweke Windows mpya. Picha kwanza.

Sasa nikueleze kwa nini nina haraka hivyo. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ikijaa, na GB 4 hujaa upesi, Windows huchukua data ambayo haijaguswa kwa muda na kuihamishia kwenye pagefile.sys, vipande vya KB 4 kila kimoja. Ikihitajika tena, inasomwa kutoka diskini. Diski inayozunguka ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM, kwa hiyo hata ingekuwa nzima ungeona uzito. Lakini ujumbe uliouona unasema jambo jingine: Windows iliomba irudishiwe data yake yenyewe, na haikuipata. Mara nyingi chanzo ni sekta mbovu, yaani kipande kidogo cha diski kisichosomeka. Diski hujaribu kuisoma tena na tena, kompyuta nzima ikisubiri, na hapo ndipo unapoona imeganda.

Kwa hiyo faili hilo halijaiua diski. Limekuonyesha ugonjwa mapema, kwa sababu linasomwa kutwa nzima. Picha ambazo hujazifungua kwa miaka zinaweza kuwa zimelala juu ya sekta mbovu vilevile, na hakuna ujumbe utakaokuja hadi siku utakapozifungua. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko skrini ya buluu.

Ukilizima faili hilo, programu zitaanza kukosa kumbukumbu na kufungwa zenyewe, na sehemu ile mbovu itaachwa wazi ipewe faili jingine. Ukiliongeza hadi GB 12, unalitandaza tu juu ya diski ileile.

Wakati wa kunakili, picha moja ikikwama, iruke, chukua zinazosomeka kwanza, uirudie mwishoni. Zikikwama nyingi, acha; mtu anayejua Linux atumie ddrescue, programu ya kuokoa data, ambayo huchukua kwanza maeneo mazima na kuyarudia mabovu baadaye. Ukisikia diski inagonga kwa ndani, ko, ko, ko, zima kompyuta papo hapo na uwapelekee wanaookoa data. Asikudanganye mtu kuifungua kifuniko au kuigandisha kwenye friji.

Picha zikishakuwa salama, mwanao aweke CrystalDiskInfo, programu ya kuonyesha afya ya diski, atazame mistari mitatu: 05, C5 na C6. Thamani ghafi (Raw Values) zinatakiwa ziwe sifuri tupu. 05 ni sekta zilizokwisha kubadilishwa, C5 ni zile diski inazozishuku, C6 ni zilizoshindikana kabisa. Programu hiyo kwa kawaida huonyesha tarakimu kwa mfumo wa 16, kwa hiyo 10 pale ni 16. Ikiwa hiyo mitatu ni sifuri na C7, yaani makosa ya kupitisha data kwenye waya, ndiyo inayopanda, badilisha waya wa diski kabla ya kitu kingine chochote. Kama yote ni safi, pima RAM kwa Memtest86+ usiku kucha, maana RAM mbovu nayo huleta ujumbe huohuo.

C5 ikiwa na namba, na wiki ijayo imeongezeka, mimi singehangaika na chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski. Inasoma diski nzima sekta kwa sekta, na diski iliyochoka inaweza kufia humohumo. Nunua SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, na ukiweza ongeza RAM ifike GB 8. Kwenye SSD hiyo mpya iache Windows ijipangie yenyewe ukubwa wa pagefile.sys, hofu kwamba faili hilo litaimaliza SSD ya matumizi ya nyumbani imekuzwa mno. Nakala ya picha iliyoko kwenye diski ya nje usiifute hata baada ya kuhamia, na ufungue picha kadhaa kutoka humo uone kweli zinafunguka.