Kabla ya kulipia jina la kikoa, angalia anwani iliyo kwenye akaunti

Anayenunua jina la kikoa, yaani jina la tovuti kama lile linaloishia na .com, kwa mara ya kwanza kutoka kampuni ya ng'ambo hushangaa kuona bei ya tangazo ikipanda anapofika kwenye malipo. Mimi husimamia tovuti za wateja walioko Kenya, na pia za Wakenya wachache wenye biashara ndogo Ujerumani na Uingereza, kwa hiyo swali la kwa nini bei hupanda hunijia kila msimu wa kuhuisha majina. Huwajibu kwamba wasijali kampuni iko wapi wala jina linaishia na herufi gani, bali watazame akaunti yao inasema wanaishi wapi.

Kinachopandisha bei ni VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, nayo humfuata mnunuzi. Mkazi wa Nairobi anayenunua jina la .de, ambalo ni la Ujerumani, kwa msajili (kampuni inayouza majina) wa Marekani hahusiki na asilimia 19 ya Ujerumani. VAT inayomhusu ni ile ya Kenya, asilimia 16, kwa kuwa kanuni za mwaka 2023, zilizochukua nafasi ya zile za mwaka 2020, zinamtaka muuzaji asiye mkazi anayewauzia watu wa Kenya huduma za mtandaoni ajisajili kwa KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, na kuwasilisha kodi hiyo. Umoja wa Ulaya umekuwa ukiwatoza wanunuzi wa kawaida kwa msingi huo huo tangu mwaka 2015. Tuseme jina linauzwa dola 12 kabla ya kodi: mtu wa Nairobi atalipa 13.92, wa Berlin 14.28, wa London 14.40, na wa Budapest, ambako kiwango ni asilimia 27, atalipa 15.24.

Muuzaji hujuaje uliko? Hutazama anwani ya ankara, nchi ya benki iliyotoa kadi, na mahali intaneti yako inapotokea. Ndiyo maana ninashauri usilipie jina la mteja wako kwa kadi ya ndugu aliye ng'ambo huku VPN, programu inayoficha mahali intaneti yako inapotokea, ikiwa imewashwa, kwani ushahidi unaopingana huchelewesha malipo, au hukuletea ankara yenye kodi ya nchi isiyokuhusu. Usichanganye pia anwani ya mwenye jina, ile inayoingia kwenye kumbukumbu za usajili, na anwani ya anayelipa. Zinaweza kuwa tofauti kihalali, na kodi huangalia ya pili.

Wanaohitaji kuwa makini zaidi ni wenye biashara walioko Ulaya. Mfanyabiashara wa Ujerumani akijaza namba yake ya VAT, ile inayoanza na DE, na ikathibitishwa katika VIES, mfumo wa Umoja wa Ulaya wa kuhakiki namba za VAT, msajili wa nchi nyingine humpa ankara isiyo na kodi, naye huihesabu mwenyewe katika ritani yake. Wengi huiona hiyo kuwa punguzo. Kwa biashara kubwa haina madhara, maana kodi anayoitangaza huidai papo hapo. Lakini mwenye duka dogo lililo chini ya utaratibu wa Kijerumani wa kusamehe wafanyabiashara wadogo anadaiwa asilimia 19 hiyo na haruhusiwi kuirudisha, kwa hiyo ankara yenye sifuri imemwachia deni ambalo ofisi ya kodi italiuliza baadaye. Mteja wa namna hiyo mimi humwelekeza kwa mhasibu kabla hajaijaza namba.

Marekani haina VAT. Kodi ya mauzo ni ya majimbo, na tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo katika kesi ya Wayfair, duka la mtandaoni, mwaka 2018, jimbo linaweza kumtaka muuzaji asiye na ofisi humo aikusanye. Hata hivyo kila jimbo huamua huduma zipi zinatozwa, na mnunuzi aliye Mombasa hahusiki.

Anayehama nchi abadilishe anwani kabla ya tarehe ya kuhuisha, kwa sababu mfumo unaojihuisha wenyewe hutumia taarifa za zamani bila kuuliza. Fanya hivyo hasa ukiwa unalipia miaka mingi kwa pamoja, kwani jina la .com laweza kulipiwa hadi miaka 10, na kodi hukatwa juu ya jumla yote siku hiyo hiyo. Ankara ikija na nchi isiyo yako, andika mara moja kuomba isahihishwe, ukiambatisha uthibitisho wa makazi. Kwa uzoefu wangu, mhudumu husaidia haraka kipindi cha hesabu cha muuzaji kikiwa hakijafungwa, na baada ya hapo hukutumia majibu ya kunakili tu.