Koti la Tangi: Maswali Yenu

Safari hii maswali karibu yote yamehusu matangi ya nje: mengine yanapikwa na jua, mengine yanagandishwa na baridi.

*Tangi letu jeusi la plastiki linakaa juani na maji yakitoka yanachoma mikono. Naweza kulizungushia sponji ya godoro?*

Sponji hapana. Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani ya vitundu, na sponji ikinyeshewa mvua vitundu hivyo hujaa maji, kazi ikaishia hapo. Lakini kabla hujanunua chochote, fungua koki uache maji yatiririke dakika moja au mbili. Yakipoa, tangi halina kosa. Mkosaji ni bomba lililolazwa juu ya paa. Nimeona watu wakilivika tangi zima huku bomba likiendelea kuokwa juani.

Ikiwa kweli ni tangi, anza na kivuli. Bati lililoinuliwa juu yake, pande zikiachwa wazi upepo upite, ni dawa rahisi kuliko zote. Rangi nyeupe nayo husaidia, ila plastiki ya matangi mengi haishiki rangi vizuri, hubanduka. Usije ukabadilisha tangi jeusi kwa linalopitisha mwanga ukidhani umepona: mwanga ukiingia, mwani utaota.

*Maji hayo ya moto yana madhara?*

Klorini hupotea upesi zaidi maji yakiwa ya moto. Halafu kuna bakteria wa Legionella, wanaosababisha homa kali ya mapafu na kustawi kati ya nyuzi 20 na 45. Mtu huambukizwa hasa kwa kuvuta pumzi yenye matone madogo, kama mvuke wa bafu la manyunyu.

*Huku kwetu maji huganda. Nimelivika tangi pande zote, lakini asubuhi hayatoki. Nimekosea wapi?*

Hukukosea, umeishia njiani. Lita 1,000 zina akiba kubwa ya joto, haziishi kwa usiku mmoja wa baridi ya kawaida. Bomba jembamba halina akiba hiyo. Lizungushie kihami, yaani koti la kuzuia joto lisipotee, kuanzia linapochomoza ardhini hadi linapoingia kwenye tangi, pamoja na valvu na viungio vyote, maana sehemu moja tu iliyoachwa wazi inatosha kuziba njia. Maji yakiganda huvimba kwa takriban asilimia 9, na bomba ndilo linalopasuka.

Angalia mfuniko pia. Maji huwa mazito zaidi yakiwa nyuzi 4. Yakipoa chini ya hapo huwa mepesi na kupanda, hivyo barafu huanzia juu, palepale ilipo floti, lile boya linalofunga maji tangi likijaa. Na kumbuka kwamba koti halizalishi joto, linachelewesha tu upotevu wake. Kama maji hukaa siku nyingi bila kuguswa katika baridi kali, utahitaji waya wa kupasha wenye kidhibiti joto, uliofungwa na fundi wa umeme.

*Na chini ya tangi?*

Likiwa limekaa ardhini, acha; udongo wakati wa baridi huwa na joto kuliko hewa. Likiwa kwenye mnara, hami kitako. Ila usilikalishe juu ya polistaireni laini ya kufungia mizigo: kila lita 1,000 ni tani nzima.

*Povu nililopulizia limegeuka manjano na linamomonyoka.*

Ni jua. Povu la polyurethane halivumilii miale yake. Kwangua palipokufa, ongeza povu, kisha lipake rangi inayohimili jua au ulifunike kwa bati. Bati ni bora, maana panya hupenda sana kutoboa povu na kuzaliana humo.

*Nikifunika juu, nizibe na tundu la hewa?*

Usithubutu! Pampu ikivuta maji na hewa haiingii, tangi linaweza kunywea ndani kama chupa iliyofyonzwa. Weka wavu wa kuzuia mbu, basi.