Theluji yangu inatoka kama povu la sabuni

SWALI: Habari za kazi fundi. Najifunza Blender, ile programu ya picha za 3D, mwenyewe, huu mwezi wa nne sasa. Nimetengeneza kituo cha kuangalia nyota kule Ncha ya Kusini jua likichomoza, kuna kuba jeupe limefunguka, theluji tupu, anga lote la machungwa, lakini kila nikirenda, yaani nikitoa picha kamili, theluji inatoka kama povu la sabuni, vivuli vyeusi tii na kila kitu kina vivuli viwili. Tekscha za theluji, zile picha za kuvika juu ya umbo, nimeshabadilisha kama sita hivi, wapi. Nakosea nini?

JIBU: Tekscha achana nazo kwanza ndugu yangu, tatizo lako ni mwanga tu.

Vivuli viwili maana yake una majua mawili. Ile nodi ya anga, kile kisanduku cha Blender kinachotengeneza anga, ina jua lake ndani tayari, nawe ukaongeza taa ya jua juu yake, halafu nahisi picha ikawaka sana ukashusha ekspoja, yaani mwangaza wa picha nzima, mwanga wa anga ukamezwa na vivuli vikabaki lami. Futa hiyo taa. Baki na nodi, chagua modeli ya anga ya Nishita iliyokuja na toleo la 2.90 mwaka 2020 (kuanzia toleo la 5.0 inaitwa Single Scattering), humo unajaza kimo cha jua kwa digrii na mwinuko wa mahali kwa mita, rangi inazipanga yenyewe. Mwinuko weka 2,835, ndo kilipo kituo cha utafiti cha Amundsen-Scott pale nchani, na vumbi weka sifuri maana hewa ya kule ni safi na kavu mno. Utaona yale machungwa yanabaki upande wa jua tu, kwingine bluu na pinki kidogo kwa chini.

Sasa hapa ndo wengi wanateleza. Kule nchani jua halichomozi kila asubuhi, linachomoza mara moja kwa mwaka, mwezi wa tisa karibu na tarehe 22, na likishachomoza linazunguka upeo wa macho mzima huku likipanda chini ya nusu digrii kwa siku, yaani duara lake tu kutokeza lote inapita siku nzima! Kwa hiyo kimo weka digrii 2, usiweke 15. Na kwa digrii 2 kivuli kinafika karibu mara 29 ya urefu wa kitu, jengo la mita 10 linalaza kivuli cha mita 286, ukiwa na uwanja wa mita 100 kinakatikia ukingoni na kituo kinaonekana kama kidude cha kuchezea mezani. Panua uwanja.

Theluji yenyewe usiipe weupe wa 1, yaani kurudisha mwanga wote. Theluji mpya inarudisha kama asilimia 80 hadi 90 ya mwanga, weka 0.85 hivi na uruhusu mwanga upenye ndani kidogo. Kivulini itakuwa bluu, usishtuke wala usiipake nyeupe, pale haipigwi na jua ila inapigwa na anga. Halafu upepo wa kule unachonga matuta makali yanaitwa sastrugi, hayo yainue kwenye umbo lenyewe, usiyachore kwa tekscha, jua likiwa chini hivyo kila tuta litatupa kivuli chake na povu litaisha.

Kuba nalo lifunge bana, nani anaangalia nyota kwa darubini ya kioo jua likiwa nje? Au weka dishi, kama ile South Pole Telescope yenye dishi la mita 10, inapokea mawimbi ya milimita kwa hiyo mchana haiisumbui. Na jengo liweke juu ya nguzo, theluji inayopeperushwa ipite chini.

Kabla ya yote hayo vipe vitu vyote rangi moja ya kijivu, renda hivyohivyo. Ikionekana ni asubuhi yenye baridi, rudisha theluji.